Faili la Kisiwa

Saa mbili kasorobo nafungua dirisha la boma,
nafuta usubi uliokufa usiku mezani,
mweusi, mwepesi, kama nukta zilizokosa sentensi.
Kisha nashusha faili namba kumi na nne.

Kisiwa chote kimo humo, kimefungwa kwa uzi mwekundu.
Bwana Tredwell alikifikia mara moja:
alitapika njiani, akalala usiku mmoja ndani ya chandarua,
akarudi na kipimo cha mvua na jina lenye kasoro.
Tangu hapo twaandika Rambugu.
Wenyewe husema Rambuga.
Nilimwambia. Akasema ramani imeshachapwa.

Kutoka Kisumu hakionekani.
Ukisimama gatini, jicho huishia kwenye mafunjo
na moshi wa stima, ile ya kila Jumanne ya pili.

Januari, Chifu Owili aliandika: viboko wanamaliza mahindi,
tunaomba bunduki, au mtu mwenye bunduki.
Tukamjibu: viboko wangapi? Madume wangapi?
Jaza nakala tatu.
Machi akajibu: Bwana, sikuwauliza.
Bwana Tredwell alicheka mpaka chai ikamwagika,
halafu akaandika pembeni kwa penseli: Hana adabu.
Nami nikapiga taipu: Ombi lako linaangaliwa.
Sentensi hiyo vidole vyangu vyaijua hata gizani.

Nzige walitua kule siku ya Ijumaa.
Habari ilitufikia wakishataga, wakishaondoka.
Nairobi waliipata taarifa yetu mvua ikinyesha,
wakaipeleka ng'ambo, kwa watu ambao kwao
hata sisi wa Kisumu ni kisiwa.
Jibu lilikuja na muhuri wa simba:
Serikali imepokea kwa masikitiko.
Mbegu hazikutajwa.

Nisidanganye, naipenda kazi hii.
Napenda harufu ya wino, kaptula iliyonyooshwa kwa pasi,
watu wa sokoni wakiniita Karani kama jina la ukoo.
Mwaka wa pili nilianza kusema "wale wa kisiwani".
Nami nilizaliwa kule, upande wa mawe,
nyumba ya tatu ukitoka kwenye maji.

Leo ni zamu ya daftari la kodi.
Askari kanga wamehesabu, hesabu imekuja ndani ya mkebe wa biskuti.
Mwaka jana vibanda mia mbili na kumi na tisa.
Mwaka huu, mia mbili na kumi na nane.
Bwana hapendi hesabu inayopungua bila sababu.
"Tafuta kilikopotelea," akasema, akaenda kucheza tenisi.

Nikashuka na rula, mstari kwa mstari.
Ogweno, wake wawili, vibanda viwili, amelipa.
Magunga, kimoja, anadaiwa.
Mjane Abuto, alama kando: mbuzi wamechukuliwa.
Tisini na saba, Mjane Nyangweso:
wino umepita juu ya jina,
na kwa mwandiko wa askari, neno moja,
Kimebomolewa.

Kwetu nyumba ya mama haibomolewi
angali anapika ndani yake.

Tarishi aliniuliza kama nataka chai.
Nilitafuta tarehe. Safu ya tarehe ni ya malipo tu.
Labda ni wakati wa nzige.
Labda ni asubuhi ile nilipokuwa napiga taipu
Ombi lako linaangaliwa.
Shilingi zake kumi na mbili zilikuwa mfukoni mwangu,
zimefungwa kwa kitambaa, zikingoja stima.

Alasiri Bwana alirudi na jasho.
"Umekiona?"
Nimekiona, Bwana.
"Sababu?"
Nafasi ya sababu ina upana wa ukucha.
Nikaandika: Mwenyewe ameondoka.
Halafu, mara ya kwanza katika miaka sita,
juu kabisa ya ukurasa, kwa wino usiofutika,
nikaandika Rambuga, kwa a.

Akatia sahihi bila kusoma.